Mchana wa Karatasi ya Kemia

Kazi yangu ni kuwapeleka watu kwenye mazishi wasiyoweza kuyafikia. Nina kamera moja na stendi yake, simu mbili, spika, na chumba cha kupanga pale Mishomoroni ambacho mlango wake umeandikwa "Jerioth Picha na Video". Kwa picha za pasipoti peke yake ningekuwa nimefunga zamani. Wateja wangu wengi ni wasichana wa Kisauni waliokwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Mama anafariki Utange, binti yuko kwenye jiko la watu ng'ambo ya bahari, na mwajiri hampi ruhusa. Basi mimi husimama kando ya kaburi na simu, yeye akatazama, na akitaka kusema neno, watu wakalisikia kwenye spika. Wako wanaosema nafanya biashara na maiti. Waache waseme. Hawajapigiwa simu na mtu anayelia huku amejifungia chooni ili tajiri wake asimsikie.

Biashara hii ina sheria pande zote mbili za bahari. Kule waliko wasichana, simu nyingi za intaneti zimezuiwa, kwa sababu ambazo serikali ya kule inazijua. Ulibaki mtandao mmoja wa ujumbe ambao simu zake hupita, na huo ndio tuliouzoea sote, wao na mimi. Huku kwetu nina leseni ya kaunti ukutani na kodi nalipa. Sina ugomvi na sheria. Ugomvi wangu ni na amri inayotolewa jioni ikaanza kazi kesho yake, kana kwamba sisi tunaofanyia kazi kwenye simu hatuna mtu tuliyemwahidi kitu.

Munga Ngowa alikuja ofisini kwangu Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja. Ni mtu mpole, fundi wa kupaka rangi kwenye hoteli za Shanzu, na hata siku ile kucha zake zilikuwa na rangi nyeupe. Mama yake, bibi Kadzo, alikuwa amefariki Alhamisi.

"Dada Jerioth, pole na kazi," alisema. "Tunamzika mama Jumanne mchana, nyumbani Utange. Nataka Josephine awepo."

Josephine ni dada yake mkubwa, kifungua mimba wa bibi Kadzo. Alikwenda Arabuni wakati binti yake, Mweri, akiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo hajarudi. Karo ya Mweri ilitoka huko, na malezi yakatoka kwa bibi Kadzo. Sasa Mweri alikuwa kidato cha nne, shule ya bweni upande wa Kilifi, katikati ya mtihani wa mwisho, na hakuwa ameambiwa kwamba nyanya yake amefariki.

Jambo hilo Munga alinieleza akitazama sakafu. Ukoo ulikuwa umekaa ukakubaliana. Mtoto akiambiwa sasa ataanguka mtihani, na miaka yote ya mama yake kule itakuwa imepotea. Simu ya bibi Kadzo ilizimwa ikafungwa kwenye leso pamoja na vitu vyake vingine. Mweri alipopiga Ijumaa jioni kwa simu ya mlezi wa bweni, aliipata ya Munga, naye akamwambia nyanya ana mafua, sauti imekauka, hawezi kuongea. Mtoto akasema mpe pole, mwambie Kemia ni Jumanne aniombee.

Sisi wa bara tunafanya hivyo pia, siwezi kujifanya mgeni wa jambo hilo. Kwetu Meru binamu yangu alimaliza karatasi zake zote akiwa yatima bila kujua. Watu husema ni huruma. Mimi sijui ni nini, lakini najua hufanywa na watu wanaompenda huyo mtoto.

"Kuna jambo jingine," Munga akasema. "Kwa ukoo wetu mchanga hauingii kabla kifungua mimba hajamuaga mzazi. Na humuaga kwa sauti, watu wasikie. Mjomba Kaviha hawezi kukubali mambo mengine."

"Atasikika," nikamwambia.

Jumatatu mchana nilizungumza na Josephine mwenyewe kwenye mtandao ule ule, na ulipita vizuri. Alikuwa amekaa juu ya ndoo kwenye chumba cha kufulia. Ana uso mpana wa mama yake, na alikuwa amejifunga leso ya kazi kichwani. Alinieleza kwamba nafasi yake ni moja tu kwa siku. Baada ya chakula cha mchana nyumba nzima hulala mpaka alasiri, na yeye huwa na simu yake saa hizo. Wakiamka, simu huwekwa kabatini. Haikuwa na laini. Ilitumia intaneti ya nyumba ile, basi. Saa zao na zetu ni sawa, kwa hiyo tuliafikiana saa nane mchana.

"Dada, sitasema mengi," aliniambia. "Nataka anisikie tu. Nilipoondoka nilimwambia nakwenda miaka miwili."

Siku ya Jumanne nilifika Utange mapema nikapanga vitu vyangu. Nyumba ya bibi Kadzo iko mwisho wa njia, penye minazi michache na shamba dogo la mihogo ambalo lilikuwa tayari limekanyagwa na watu. Kaburi lilikuwa limechimbwa asubuhi ile ile, karibu na la mumewe. Watu walikuwa wengi, wa kanisani na wa ukoo, na turubai halikuwatosha. Nikamwamkia mzee Kaviha, kaka wa marehemu, mtu mfupi muuza mkaa ambaye sikio lake la kushoto halisikii. Alikuwa amevaa koti zito kwenye joto lile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo spika yako ni kubwa?"

"Ni kubwa, mzee. Hata wewe utasikia."

"Nikae upande gani?"

Nikamwonyesha. Akavuta kiti chake mpaka spika ikawa karibu na sikio lake zima, akakaa.

Mchungaji alihubiri kwa ufupi, sanduku likaletwa kando ya kaburi, na saa nane nikampigia Josephine. Simu haikwenda. Nikadhani bando la intaneti limekwisha, nikabadilisha simu. Haikwenda. Kila kitu kingine kwenye simu kilifanya kazi, habari zilifunguka, ramani ilifunguka, lakini mtandao ule ulizunguka tu kama unaotafuta kitu ulichokiangusha. Nilikuwa nimeshaanza kutokwa na jasho lisilo la jua wakati Janice aliponipigia simu ya kawaida. Janice ana duka la viatu mlango wa pili kutoka kwangu, na viatu vyake vingi huviuza kwenye kikundi chake cha mtandao huo huo.

"Jerioth, umeona? Wameufunga."

"Nani kaufunga?"

"Serikali. Tangazo limetoka jana usiku. Wezi wa mitihani wanauza karatasi humo, basi unafungwa saa za mtihani mpaka wamalize. Leo ni mpaka saa kumi. Wateja wangu wote wamekwama, na mzigo nimeshachukua."

Nilisimama pale na simu sikioni. Kuna programu ya kuzungukia vizuizi, ninayo. Nikaifungua. Mtandao ukaamka, nikapiga, uso wa Josephine ukatokea mdomo ukiwa wazi, ukaganda hivyo hivyo, kisha ukapotea. Mawimbi ya Utange ni dhaifu, hayakuweza kubeba simu ya picha kwa njia ya mzunguko. Nilijaribu ya sauti peke yake. Ilikohoa mara moja ikakatika, na programu ile ikagoma kabisa kabla hata ujumbe mmoja haujaingia. Nikamwambia Munga naweza kurusha mazishi kwenye ukurasa wa wazi, Josephine akatazama bila kusema. Munga akamnong'oneza mjomba wake kwenye sikio zima, na mjomba akatikisa kichwa. Mwili wa dada yake si wa kila mtu kutazama. Na asiyesema hajaaga.

Ilinibidi nimweleze mwenyewe. Nikachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Mzee, serikali imeufunga ule mtandao mpaka saa kumi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mtihani."

"Mtihani gani?"

"Wa kidato cha nne. Kuna karatasi mchana huu."

Kaviha alinitazama, kisha akamtazama Munga, na Munga akageuza uso. Wanawake wa mstari wa mbele walikuwa wamesikia. Wote pale walijua ni karatasi gani na nani alikuwa akiifanya, na hakuna aliyelitaja jina lake. Walikuwa wamekula kiapo cha kutolitaja jina hilo karibu na msiba, wakakishika hata hapo.

"Serikali inajua tunazika?" Kaviha akauliza.

"Haijui, mzee."

Akafikiri kidogo. "Basi tungoje wamalize."

Tukangoja. Niliacha kamera ikiendelea kurekodi kwa sababu sikuwa na akili ya kuizima. Kwaya iliimba nyimbo zake, ikazirudia, ikanyamaza. Vijana waliochimba walikaa juu ya lundo la mchanga, majembe yakiwa kati ya magoti. Mchungaji alikuwa na mazishi mengine, akaomba radhi, akaomba sala, akaondoka. Jua likakisogeza kivuli cha turubai likaacha sanduku nje yake, na watu wakainuka bila kuambiwa, wakalisogeza turubai. Kila baada ya muda Kaviha aliinua kichwa.

"Bado?"

"Bado, mzee."

Nilikuwa na hasira na sina mtu wa kumgeuzia. Ningemlaani nani? Kuna mtu kwenye ofisi Nairobi aliyetaka mtihani usiibwe, na mimi pia sitaki uibwe. Kuna mtu mwingine ng'ambo aliyekata simu za intaneti kwa sababu zake. Hakuna hata mmoja aliyemchukia Josephine. Hawakumjua tu. Walipoandika amri zao hawakufikiri kwamba kuna mtu hula kwa mtandao huo, na mwingine humzika mama yake humo. Hilo liliniuma kuliko chuki, kwa sababu chuki ungeweza kuiendea ukaiambia kitu.

Na huko shuleni, nikafikiri, yule mtoto amekaa na maji ya asidi kwenye swali lake, anadhani nyanya yake anamwombea akiwa na mafua.

Saa kumi mtandao ukafunguka. Haukutoa sauti yoyote ya pekee, ujumbe tu ulianza kuingia, mmoja juu ya mwingine, yote aliyokuwa ameandika Josephine mchana ule tukiwa hatusikilizani.

Dada niko tayari.

Dada mbona haiingii.

Nimeona minazi ikapotea.

Mmeanza?

Mwambie mjomba asitie mchanga.

Niko hapa. Bado wamelala.

Dada tafadhali.

Mtoto wa nyumba ameamka.

Wote wameamka. Naiweka simu.

Huo wa mwisho ulikuwa umeandikwa robo saa tu kabla ya kufunguliwa. Nilipiga. Iliita vizuri, safi kabisa, mlio wake ukatoka kwenye spika kubwa na watu wote wakasimama. Kaviha akavua kofia. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nilipiga mpaka Munga akanishika mkono.

Walisubiri hata baada ya hapo. Kaviha hakutaka kuinuka kwenye kiti. Lakini kaburi likishafunguliwa halilali wazi, na hilo nalo ni la ukoo wao, na jua lilikuwa limeshateremka nyuma ya minazi. Mzee alikuwa na mambo mawili yasiyovunjwa na ilibidi avunje moja. Akainuka, akaliendea kaburi, akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, "Kadzo, usimhesabie Josephine. Alikuja, akafungiwa." Kisha akampa Munga ishara, na Munga akatia mchanga wa kwanza, ambao haukuwa wake kuutia kabla dada yake hajaaga. Alikuwa akilia wazi, mdomo umepinda, na mimi nililia nikiwa nyuma ya kamera, jambo ambalo sijiruhusu nikiwa kazini.

Kesho yake jioni nilikuta ujumbe wa sauti kutoka kwa Josephine. Nikampigia Munga, nikamwambia nitaupeleka Utange tuuweke juu ya kaburi usikike. Lakini Josephine alikuwa ameandika chini yake: Usiupeleke. Mpe Mweri akimaliza mitihani.

Amri ile iliendelea mpaka mtihani ulipokwisha. Nilirudisha pesa za kazi mbili, moja ya harusi na moja ya msiba. Janice aliviuza viatu vyake kwa bei ya kutupa. Siku za mtihani zilipoisha mtandao ukawa wazi kutwa, na magazeti yakasema wizi wa karatasi umepungua. Huenda ni kweli.

Mweri alikuja ofisini kwangu wiki ya kwanza ya Desemba. Munga alimleta, lakini yeye alibaki nje barabarani. Nilielewa kwamba walikuwa hawasemezani. Msichana ni mrefu, mwembamba, amenyoa, na alinisalimia kwa heshima bila kunitazama.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Ahsante. Nimeambiwa una kitu changu."

Nikampa vifaa vya masikioni asikilize peke yake, kwa sababu ujumbe ulikuwa wake. Alisikiliza hadi mwisho. Nilivyomwona, hakulia, ila alikuwa akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa maagizo. Alipovua vifaa vile aliniambia mama yake amemtuma akamuage nyanya kwa niaba yake, kwa sauti, watu wasikie, na babu Kaviha amekubali. Watakwenda kaburini Jumapili.

"Lakini nataka kuona kwanza," akasema. "Nataka kuona mlivyomzika."

Nikamwekea. Aliona sanduku likiletwa, akaona mchungaji, akamwona Munga. Kisha ikaja ile sehemu ambayo hakuna kinachotendeka. Watu wamekaa. Jembe liko kati ya magoti ya mtu. Nikanyoosha mkono niiruke.

"Usiruke," akasema. Akatazama kidogo. "Hapa wanafanya nini?"

"Wanangoja."

"Wanangoja nini?"

Ningeweza kusema mchungaji. Ningeweza kusema mvua, au ndugu wa mbali. Wote waliokuwa kwenye ile picha walikuwa wamemdanganya mtoto huyu kwa kumpenda, na uongo mmoja zaidi haungeonekana. Nilifikiria juu ya Munga aliyesimama nje kwenye jua. Lakini alikuwa ameniuliza mimi, na nilikuwa nimechoka na watu kufungiwa mambo kwa faida yao.

"Wanangoja mmalize mtihani," nikasema. Nikamweleza yote, tangazo, saa zilizofungwa, usingizi wa ile nyumba anayofanya kazi mama yake, ujumbe ulioingia kwa pamoja. Sikupunguza. Nilipofika mwisho alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza yangu, vidole vimetandazwa.

"Kemia," akasema.

"Ndiyo."

"Nilimaliza mapema." Alisema polepole sana. "Maswali yalikuwa mepesi. Nilimaliza nikalaza kichwa juu ya dawati. Tulikatazwa kutoka mpaka saa iishe. Nililala."

Nje Munga alikohoa, na bodaboda ikapita.

"Nirudishie pale walipoanza kukaa," akasema.

"Ni ndefu, Mweri. Ni karibu saa mbili."

"Najua ni ndefu."

Nikamrudishia. Akavuta kiti karibu, akanyoosha mgongo, akaanza kutazama. Nilikwenda nikafunga mlango na kumwambia mteja wa picha za pasipoti arudi kesho. Niliporudi nilikaa nyuma yake. Kwaya iliimba ikanyamaza. Watu waliinuka wakalisogeza turubai, na kivuli kikarudi juu ya sanduku. Mzee Kaviha akainua kichwa kwenye kiti chake karibu na spika.

"Bado?" akauliza.

Mweri akamjibu, kwa sauti ndogo ya mtu aliye ndani ya chumba cha mtihani.

"Bado kidogo, babu."